Kijiti Kilichonukia Pilau

Da Mwanaasha hakumwambia mtu yeyote kwenye timu juu ya mpango wake, hata mie niliyetakiwa kupokea kijiti kutoka mkononi mwake. Angeniambia ningemkataza. Alilijua hilo, ndiyo maana akanyamaza mwaka mzima.

Mashindano yenyewe ni ya baiskeli za kupokezana. Kila timu ina watu wanne na kijiti kimoja cha mbao, urefu wa kuanzia kiwiko mpaka kwenye vidole. Wa kwanza anaanzia Madale na kumpokeza mwenzake Mbezi. Wa pili anakwenda mpaka Chanika, wa tatu anatoka Chanika mpaka Kongowe, na wa nne anamalizia Kimbiji ufukweni. Ni zaidi ya kilomita mia, na mshindi anapewa mbuzi wawili na maneno ya kuringia mpaka mwaka unaofuata. Sie wa Madale tulikuwa na kijiti chekundu. Timu ya Temeke walikuwa na cha bluu, na kwa miaka miwili mfululizo mbuzi walikuwa wao.

Da Mwanaasha anauza maziwa. Kila asubuhi anapanda vilima vya Madale na madumu mawili yamening'inia nyuma ya baiskeli, kwa hiyo akiyavua yale madumu anakuwa kama mtu aliyefunguliwa kamba. Kwenye kipande cha Chanika hakuna mwanamke wala mwanamume wa kumwacha. Isipokuwa mmoja, na huyo hakumwacha kwa miguu, alimwacha kwa ujanja.

Anaitwa Valerian, mchonga vinyago wa Temeke, kijana wa watu kutoka Newala. Mpole, hana matusi, Jumapili hakosi kanisani. Ila akiwa juu ya baiskeli ana tabia moja: anakaa nyuma yako. Anaweka tairi lake karibu kabisa na la kwako, wewe unakata upepo, yeye anakula kivuli. Mwaka juzi alikaa nyuma ya Da Mwanaasha kutoka Chanika mpaka mstari wa Kongowe unaonekana, halafu akachomoka, akampita, akageuza shingo na kusema kwa adabu zote, "Asante kwa upepo, dada."

Tangu siku hiyo Da Mwanaasha akambatiza jina la Kupe. Akitaja Kupe hata wateja wake wa maziwa walijua ni nani.

Sasa ikatokea kwamba mwaka huu siku ya mashindano iliangukia siku ya harusi, iliyopangwa tangu mwaka jana, ya binti wa shangazi yake, Bi Hija, anayekaa Mbande, hatua chache kutoka kwenye barabara ya kwenda Kongowe. Bi Hija alipopewa taarifa kwamba Mwanaasha atakuwa kwenye baiskeli, alikasirika. Akampigia simu.

"Yaani watu wametoka Rufiji kuja kwenye shughuli, wewe wa hapo Madale unaniambia una mbio? Mbio unamkimbia nani?"

"Shangazi, nitapita," Da Mwanaasha akasema.

"Utapita kama nani? Kama upepo?"

"Nitapita ndani kabisa ya uwanja wako. Na nitakuja na mgeni. Ila ukimwona huyo mgeni, shangazi yangu nakuomba, asitoke bila kuwasalimia watu wazima wote. Wala asitoke na njaa."

Bi Hija akauliza, "Ana tabia gani huyo mgeni?"

"Amelelewa vizuri mno."

"Mlete," akasema Bi Hija.

Kanuni za mashindano hazikuwa na tatizo. Mwalimu Leodegar, mstaafu mwenye filimbi shingoni ambaye ndiye msimamizi, aliandika kwa mkono wake kwamba mwendeshaji apokee kijiti kituo hiki na akipeleke kituo kile, katikati apite anapoona panamfaa. Aliandika hivyo kwa sababu ya mashimo ya barabarani. Hakufikiria harusi.

Basi saa tatu na nusu asubuhi, Noela wa timu yetu aliingia Chanika akimtangulia mtu wa Temeke kwa pumzi mbili tatu. Da Mwanaasha akachukua kijiti, akakichomeka mgongoni ndani ya fulana, akaondoka. Haikufika dakika akasikia mnyororo wa mtu nyuma yake. Hakugeuka. Alikuwa akimjua kwa jinsi anavyopumua.

"Habari za asubuhi, dada," Valerian akasema.

"Nzuri, Kupe. Umelala salama?"

"Salama kabisa. Twende tu, usiwe na haraka."

Wakaenda hivyo, huyu mbele huyu nyuma, mpaka Mbande. Hapo Da Mwanaasha akafanya kitu alichokifanyia mazoezi: akatazama nyuma kwa wasiwasi, kama mtu anayetaka kuficha jambo, akakata kushoto ghafla kwenye kichochoro. Valerian akaamini ni njia ya mkato. Akakata naye. Kichochoro kikapinda mara mbili, kikaishia kwenye geti la mabati lililokuwa wazi, wakaingia wote wawili kwa kasi. Geti likafungwa nyuma yao, paaa!

Yaliyotokea humo ndani nimesimuliwa na Da Mwanaasha, nikasimuliwa na Valerian mwenyewe, na baadaye na Bi Hija, na wote watatu wanakubaliana.

Uwanja ulijaa wanawake wenye madera ya sare, rangi ya chungwa, wamekaa juu ya majamvi. Da Mwanaasha alipita katikati yao huku vigelegele vikipaa, akashuka, akakokota baiskeli kuelekea uani kwenye majiko. Valerian akataka kumfuata. Bi Hija akasimama mbele ya tairi lake, mikono kiunoni.

"Kijana, ndivyo mnavyoingia kwa watu huko kwenu?"

Valerian akashuka. Angefanya nini? Ndiyo malezi yake. "Shikamooni," akasema.

"Shikamooni? Sie ni kwaya, utuamkie kwa mkupuo? Hawa ni mama zako. Anza na yule wa mwisho kule."

Walikuwa kumi na saba. Valerian aliwaamkia mmoja mmoja, ameinama, jasho linamdondoka puani, na kila mmoja akimjibu marahaba alimuuliza la kwake. Kwenu wapi? Newala ipi? Mvua zimenyesha huko? Mama yupo? Miguu yake inaendeleaje? Wa kumi na moja alikuwa kiziwi kidogo, ikabidi amwamkie mara tatu. Alipomaliza akakuta sahani ya pilau imeshawekwa kwenye jamvi, na maji ya kunawa yanamsubiri.

"Mama, mie niko kwenye mashindano," akasema, karibu kulia.

"Na sie tuko kwenye harusi," Bi Hija akasema. "Kaa."

Akakaa. Akala. Anakiri mwenyewe kwamba tonge la kwanza lilikuwa la adabu, lakini kuanzia la pili yalikuwa ya njaa.

Huku uani Da Mwanaasha alikuwa anatafuta njia ya kutoka. Mlango wa nyuma ulikuwa mwembamba, na pale juu ya mlango ilipita kamba ya kuanikia nguo. Kijiti kikanasa kwenye kamba. Akakichomoa, akakiweka juu ya meza ya vyombo ili mikono yote miwili ibebe baiskeli. Alipokwisha kuitoa nje akapaza sauti, "Jamani, kijiti changu!" Bibi mmoja mpishi, ambaye macho yake siku hizi yanaona anachotaka kuona, akapapasa mezani, akamchomekea kitu mgongoni na kumpiga kofi la baraka. "Haya mwanangu, kimbia!"

Da Mwanaasha akakimbia. Alicheka peke yake kutoka Mbande mpaka Mbagala, anasema watu wa barabarani walikuwa wanampisha wakidhani hayuko sawa.

Mie nilikuwa Kongowe, nimesimama kwenye mstari wa chokaa, mkono nimenyoosha. Nilipomwona anakuja peke yake, Valerian hata harufu yake haipo, moyo ulinilipuka kwa furaha. Pembeni yangu Fredrick wa Temeke, karani mmoja wa benki mwenye baiskeli nyembamba ya mashindano na miwani ya rangi, aliinuka kwenye usukani kutazama barabara.

"Yuko wapi Vale?" akaniuliza.

"Sijui, braza. Labda amekosa wa kumkinga upepo."

Da Mwanaasha akafika, akapeleka mkono mgongoni, akachomoa, akaniwekea kiganjani. Nikakanyaga pedali. Filimbi ikalia.

"Simama!" Mwalimu Leodegar akanifuata. "Hicho ni nini?"

Nikatazama. Nilikuwa nimeshika mwiko. Mwiko wa kweli, wenye wali umeganda kwenye ncha.

Watu waliokuwa pale walicheka mpaka wauza mihogo wakaacha karai wakaja kuangalia. Da Mwanaasha hakucheka. Aliutazama ule mwiko, akapeleka mkono mgongoni tena, akapapasa, akaja na mkono mtupu. Ile furaha yote ya kutoka Mbande ikamtoka usoni. Kurudi Mbande na kuja tena ilikuwa ni kumaliza mbio.

"Da Mwanaasha," nikamwambia polepole, "umepita wapi?"

Akaninong'oneza habari zote za harusi, robo saa nzima ikapita, ndipo Valerian akatokea. Alikuwa anaendesha kwa taabu, tumbo limemtangulia, mdomo unang'aa mafuta. Mgongoni alikuwa na vijiti viwili. Kumbe alipokuwa anamalizia sahani yake alitupa macho kwenye majiko, akaona mama mmoja anakoroga mchuzi kwa kitu chekundu. Akakiomba. Akakiosha. Akashukuru kwa chakula, akaaga, ndipo wakamfungulia geti.

Kwanza alimpa Fredrick kijiti cha bluu, na Fredrick akaondoka kama risasi. Halafu akamgeukia Da Mwanaasha, chekundu amekishika juu.

"Naomba kijiti changu, Valerian," Da Mwanaasha akasema. Kwa mara ya kwanza alimwita jina lake.

"Niamkie kwanza."

"Nini?"

"Niamkie, dada."

"Mie nikuamkie wewe? Nimekuzidi miaka tisa mizima!"

"Leo nimetoa shikamoo kumi na saba," Valerian akasema, bado anahema, "na yule bibi kiziwi nimempa tatu. Naomba moja tu irudi."

Mie nikaanza kurukaruka. "Da Mwanaasha, mwamkie! Fredrick anaishia kule!"

Da Mwanaasha alitazama kulia, akatazama kushoto. Watu walikuwa wameshatoa simu. Akafunga macho.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Valerian akampa kijiti kwa mikono miwili.

Mwalimu Leodegar alitaka kutufuta. Alifungua karatasi yake ya kanuni, akasoma mbele na nyuma, akauliza kijiti cha Madale kimefikaje mgongoni mwa mtu wa Temeke. Valerian akamjibu bila kupepesa, "Alikisahau nyumbani, Mwalimu. Nimetumwa na wazazi nimletee." Na kwa kuwa Mwalimu Leodegar ni mtu ambaye hawezi kugombana na neno wazazi, akamwamuru Da Mwanaasha arudi nyuma ya mstari, aingie upya na kijiti mkononi. Ndipo nikaondoka. Kijiti kilikuwa kinanuka bizari kiasi kwamba nilipata njaa kabla hata ya kufika Kibada.

Nilimkuta Fredrick baada ya Kibada, mahali lami inapoisha na njia inakuwa changarawe na mchanga. Alikuwa ameinamia tairi lake la nyuma. Tyubu ya kwanza ilitoboka, ameshaweka nyingine, lakini pampu yake ndogo ya mapambo ilikuwa imekatika mpini. Aliponiona alivua miwani.

"Mdogo wangu, nisaidie pampu."

Sijui ni kitu gani kilinipata. Ningeweza kupita. Lakini nilikuwa nimebeba kijiti ambacho mwenzake alikiosha mwenyewe na kukileta, wakati angeweza kukiacha kwenye mchuzi. Nikachomoa pampu yangu, nikamrushia bila kusimama, nikaendelea.

Kilomita za mwisho nilipiga kwa nguvu zangu zote. Nilipoanza kuona minazi ya Kimbiji nikasikia changarawe zinalia nyuma yangu. Fredrick alikuwa anakuja, ameinama, pampu yangu imechomoza mfukoni kwake. Tukaenda bega kwa bega mita mia mbili za mwisho, watoto wanapiga makopo. Akanishinda kwa tairi moja. Sio baiskeli, tairi.

Da Mwanaasha alifika baadaye na lori lililowabeba waendeshaji wengine. Alishuka, akanitazama, akawatazama wale mbuzi wawili wamefungwa kwenye baiskeli ya Fredrick.

"Nimeambiwa ulimpa pampu."

"Ndiyo, Da Mwanaasha."

"Mie nimepanga mwaka mzima. Nimemwamkia mtoto mdogo mbele ya umati, video zinazunguka mpaka Tegeta. Wewe umempa pampu."

Nikasubiri kofi. Badala yake akakaa mchangani, akavua viatu, akaanza kucheka taratibu, halafu kwa sauti, mpaka machozi yakamtoka. Valerian, aliyekuja na lori hilohilo, alikuwa amelala pembeni chali, mikono juu ya tumbo, akafumbua jicho moja.

"Dada," akauliza, "yule mama mwenye jiko la pembeni, pilau lake anaweka nini?"

"Muulize mwenyewe. Shughuli inaendelea mpaka magharibi, na mie narudi huko sasa hivi."

Valerian akafikiri. Akainuka, akajipangusa mchanga, akamwomba Fredrick mbuzi mmoja wa kupeleka harusini, na Fredrick, ambaye hakuwa ameelewa chochote tangu asubuhi, akampa. Nikawaona wanampandisha mbuzi kwenye lori, Da Mwanaasha anasukuma, Valerian anavuta pembe, na mbuzi hataki.