Paa la Namba Saba

Walisema aliruka. Msimamizi wa machimbo alisema, mkuu wa walinzi akaitikia, na bwana mmoja mwenye tai aliyeletwa kuchunguza akaja kusimama sebuleni kwa dada yangu, hata kiti hakukubali, akasoma: marehemu alifungua mlango wa nyuma mwenyewe, gari likiwa kwenye mwendo, akaruka. Dada alikuwa na mimba kubwa. Aliuliza swali moja tu: "Aruke aende wapi?" Mimi nilikuwepo, nimeegemea kabati la vyombo, na sura ya yule bwana ninayo mpaka leo, pamoja na mkanda wake, na jinsi alivyofuta viatu wakati wa kutoka badala ya wakati wa kuingia.

Marehemu, shemeji yangu, tulimwita Redio, kwa kuwa hakuzimika. Watu walikuwa wakianguka gengeni, kwenye ukuta wa mawe, kwa kamba zilizooza, na wenye machimbo wakituambia kamba mpya ziko njiani. "Njia gani hiyo," Redio akawauliza mbele ya umati, "lori la mawe linapita kila siku, kamba haipiti?" Watu walicheka. Mgomo wetu ulianzia kwenye kicheko kile, na mabwana hawakusamehe kuchekwa.

Walinzi wao walitembelea majipu yenye paa jeupe la faiba, lile gumu linalofungwa kwa bolti juu ya gari lililo wazi, pamoja na kuta zake na mlango wake wa nyuma wenye kioo. Juu ya kila paa iliandikwa namba kubwa nyeusi, ili mpiga king'ora aliyeko gengeni ajue gari gani limepita kabla baruti hazijalipuliwa. Kwa hiyo sisi tuliochimba juu ya genge tuliwajua walinzi kwa utosi wao. Namba saba tuliiita Friji, maana aliyeingizwa humo alitoka amekakamaa. Siku ya mgomo nilikuwa juu. Nilimwona Redio akisukumwa ndani ya namba saba kwa nyuma, mlango ukabamizwa, gari likashuka na vumbi lake. Alikutwa kwenye kona ya chini, kando ya barabara, shingo imevunjika. Tulipoliulizia gari tukaambiwa limeungua.

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Amekua akilisikia neno lile moja, shuleni, dukani, kwa watoto wa wasimamizi: baba yako aliruka. Mwishowe akaliamini. Na baba aliyeruka, kwa akili ya mtoto, ni baba aliyeona heri kwenda zake. Mikono ilipopata nguvu alikwenda kuomba kazi machimboni kule kule, nao wakampa huku wakimpigapiga begani. Mama yake alipolia alimjibu, "Wao hawakuniacha, Mama. Yeye ndiye aliyeniacha." Tangu siku hiyo wanakaa nyumba moja na hawali mezani pamoja. Dada hadai kitu kingine duniani. Anataka mwanawe ajue kwamba baba yake hakuruka.

Mimi baada ya mgomo sikuajirika tena, nikajifunza kazi ya bodi za magari. Gereji yangu naiendesha na mwenzangu tunayemwita Kobe, kwa kuwa muda mwingi yuko chini ya gari, kichwa tu ndicho kinachotokeza. Si mtu wa machimbo. Habari za Redio amezisikia kwangu, mara nyingi kuliko alivyotaka. Kobe ana tabia moja ambayo nimemheshimu kwayo miaka yote: hafungi kitu cha mtumba kabla hajakifutia makosa ya waliokitumia. Tundu lililotobolewa ovyo atalijaza, kitasa kilichokufa atakibadili, hata kama mteja hajamwomba. "Gari lisijue kwamba limevishwa nguo ya marehemu," husema, kisha hucheka peke yake.

Basi daktari mmoja wa mifugo akatuletea jipu lake la turubai. Mvua zilikuwa zimekaribia, na watoto wake wawili hukaa nyuma anapowapeleka shule. Alikuwa ameokota paa la mtumba kwenye yadi ya vyuma chakavu, la kijani, chafu, lakini faiba yake nzima. Akasema atalifuata gari jioni. Asubuhi hiyo nilitoka kwenda kutafuta mpira wa kuzibia maji, ule unaokaa kati ya paa na bodi, nikazunguka maduka mpaka jua likawa kali.

Niliporudi, Kobe alikuwa amelilaza paa juu ya magogo, amemaliza ndani, yuko nje anapiga msasa.

"Umechelewa kama mvua yenyewe," akasema. "Chukua msasa, anza utosini. Mie mgongo umeniambia basi."

Nikaanza. Rangi ya kijani ilikuwa imepakwa kwa haraka, ikatoka kama ganda la kidonda. Chini yake nyeupe. Kisha kwenye nyeupe ukatokea mstari mweusi, mpana kama kiganja. Nikadhani ni lami. Nikaufuata. Ulikwenda sawasawa, halafu ukakata kona, ukashuka kwa kuinama. Msasa ukanidondoka.

"Kobe."

"Naam."

"Mlango wa nyuma uliukutaje?"

"Usiniulize! Ushenzi mtupu. Kwa ndani hauna mkono. Wameung'oa, wakapiga bati juu ya tundu, ribiti nne. Kufungua ni kwa nje tu. Nikajiuliza, hawa walikuwa wanabeba nini, chui? Daktari ana watoto, siku wakijifungia humo? Nimeling'oa hilo bati, nimejaza matundu yote, hata lile la mkono wa zamani, nimeweka mkono mpya pembeni. Hebu jaribu. Unafunguka kama mdomo wa mlevi."

Alikuwa anajifuta mikono, anatabasamu, anangoja nimsifu. Nikaketi juu ya tairi.

"Njoo uone huku juu," nikamwambia.

Akaja. Akaitazama namba. Akanitazama mimi. Nilimwona akizikumbuka zile habari zote nilizomchosha nazo, moja baada ya nyingine, na tabasamu likimtoka usoni taratibu.

"Friji," akasema.

"Friji."

"Mama yangu weee." Akakishika kichwa kwa mikono yenye puti ya kujazia matundu. "Kumbe alikuwa hawezi kutoka. Hawezi hata akitaka. Na mimi nimemfungulia leo!"

"Picha hukupiga?"

Akatoa simu yake, ile ya kupigia na kupigiwa tu, akanionyesha. Kisha akapiga magoti kwenye pipa la takataka akalitafuta lile bati, akalipata. Bati jeusi, dogo kuliko kitabu, matundu manne ya ribiti kwenye pembe. Miaka yote hii uongo wa wakubwa wale ulikuwa unangoja kuvunjwa na kitu kama hicho.

Nikampigia dada. Alifika bado amevaa aproni ya kazini. Nilimweleza, Kobe akaongezea. Dada hakulia. Alilishika bati, akapitisha kidole gumba kwenye kila tundu, akasema, "Nilijua." Kisha akasema tena, "Nilijua mimi," akampigia mwanawe na kumwambia akitoka zamu apitie kwa Mjomba, asiende kwingine.

"Tulirudishe bati," nikamwambia Kobe. "Ng'oa huo mkono, piga ribiti, kijana aukute mlango ulivyokuwa."

Kobe alikuwa ameshanyanyua drili. Dada akamzuia.

"Ataona ribiti zinang'aa. Yule macho yake ni ya baba yake. Akishaona kimoja kilichotengenezwa, hata namba ataikataa."

Alisema kweli. Nikatukana ukuta.

Kijana alifika na ovaroli ya kampuni, nyusi zimejaa vumbi la mawe. "Shikamoo, Mjomba. Shikamoo, Mzee Kobe." Mama yake akamsalimu kwa kichwa tu. Nikampandisha juu ya gogo aone utosi. Aliipitia namba kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Saba," akasema.

"Saba. Waliyosema imeungua."

"Basi waliuza wakasema imeungua. Hilo wanaliweza." Akashuka. "Sasa?"

Kobe akalichukua bati kwa dada, akaeleza. Alieleza vizuri, neno baada ya neno, na nikamwona kijana akisikiliza kweli, akilitazama bati mkononi mwa mzee, na uso wake ukaanza kulegea. Mama yake aliliona hilo pia. Alisogea hatua moja kumwelekea.

"Lilikaa wapi hasa?" kijana akauliza.

Kobe akapiga msasa upande wa ndani wa mlango, kufunua kazi yake mwenyewe. Puti ikaanza kuonekana, doa hapa, doa pale. Walinzi walikuwa wametoboa mlango ule kila mahali: taa, kulabu za virungu, wavu, mnyororo. Kobe alikuwa amejaza yote, mlango ukafanana na mtu aliyepona tetekuwanga. Na kila tundu alikuwa amelipanua kwanza, kwa kuwa puti hushika vizuri hivyo.

"Hapa," akasema, akalibandika bati. Matundu matatu yalikubali, la nne likakataa. "Hapana, chini kidogo." Matatu yakakubali tena, mengine matatu. Akaligeuza. "Lilikuwa hapa, mwanangu. Nimeling'oa mwenyewe leo leo."

"Linakaa popote, Mzee Kobe."

"Wallahi nimeling'oa mwenyewe!"

Kijana aliinama, akaingia ndani ya paa, akachuchumaa humo kama baba yake alivyochuchumaa. "Nifungieni," akasema.

Mimi sikusogea. Kobe hakusogea. Dada ndiye aliyekwenda akaufunga mlango juu ya mwanawe, akabaki ameweka kiganja kwenye kioo. Sijui alikuwa anawaza nini, sikumwuliza. Alikaa kitambo, mpaka nikaanza kutumaini. Kisha tukasikia mkono mpya ukizunguka, bila kukwaruza hata kidogo, na mlango ukamsukuma mama yake nyuma.

"Unafunguka, Mama."

"Mkono ni wangu huo!" Kobe akapiga kelele. "Wa kwangu! Nimeuweka asubuhi!"

"Naamini umeuweka, Mzee. Ila palikuwa na nini kabla yake, nitaambiwa na nani? Na wewe? Wewe unakula sahani moja na Mjomba." Akanigeukia. "Na wewe, Mjomba, tangu nazaliwa unalitafuta bati hili. Ungekosa, ungelichonga."

Ningelichonga, kweli. Nusu saa nyuma nilikuwa nataka kulichonga. Nikanyamaza, mimi ambaye hakuna bwana aliyewahi kuninyamazisha.

"Kesho niko zamu ya asubuhi," akasema. Akamwinamia mama yake kidogo, kama mtu anavyoaga msibani, akaenda zake.

Kazi haikungoja. Tulipaka rangi utosi, namba saba ikarudi chini ya kijani, safari hii kwa mikono yetu. Tukalinyanyua, Kobe mbele, mimi nyuma, dada akashika pembeni bila kuombwa. Tukalishusha juu ya mpira, tukatia bolti, tukazikaza kwa kupishana ili paa lisikae upande. Lilikaa kama lilizaliwa na gari hilo.

Daktari alikuja jioni na watoto wake. Akazunguka gari, akagonga faiba kwa kidole, akasema kazi safi, mafundi, kazi safi sana. Kobe aliinama kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika. Watoto walikuwa wameshaingia nyuma na kujifungia. Mkono ukazunguka, mlango ukafunguka, mdogo akasimama ukingoni.

"Baba, tazama, naruka!"

Dada alimdaka kabla miguu haijagusa chini. Akamkumbatia, bati, alilokuwa amelichukua tena kwa Kobe, likiwa mkononi, akakaza, akakaza, mpaka mtoto akaanza kulia.

"Mwachie tu, mama," daktari akamwambia kwa upole. "Amezoea kuruka."