Zamu ya Alhamisi

"Hivi Mama Victoria, na marehemu naye anahitaji kukumbushwa zamu ya maji?"

Ndivyo jirani yake Asteria alivyomuuliza siku ile, ameegemea ua wa masale, anakwangua tope kwenye jembe kwa kijiti. Aliuliza kwa mzaha, maana Asteria hata msibani hakosi la kuchekesha. Rogathe hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko, kishikwambi cha usharika kimelala mapajani juu ya kanga safi, na kwa mara ya tatu alikuwa amebonyeza kitufe cha kurekodi sauti, akashindwa kulitamka jina la mume wake.

Kwao, mke hamwiti mume kwa jina. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa alimwita Baba Victoria, na siku ya mazishi aliyelitaja jina ni mchungaji; yeye alijibu amina tu.

Darasa lilikuwa limeanza baada ya Pasaka, kwenye chumba cha shule ya Jumapili. Mwalimu alikuwa Careen, binti wa Same mjini, aliyepanda milimani kila Jumanne kwa bodaboda na vishikwambi sita begini. Kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza programu moja ya simu itakayofaa kijijini. Hawakuandika lugha ngumu. Kwenye kioo kulikuwa na vipande vya rangi vyenye meno na mapengo. Unakikokota kimoja kwa kidole mpaka kinauma chenzake, vinalia ko. Cha manjano kilisema "ikiwa", kikaacha pengo, na ulichopachika kwenye pengo ndicho kilichotendeka. Vijana walihangaika nacho wiki mbili. Rogathe, aliyeishia darasa la saba, alikielewa siku ileile.

"Si ni mfereji huu," akasema. "Ukiziba hapa maji yanakwenda kule. Usipoziba, hayaendi."

Careen alimtazama, akacheka. "Mama, mimi hilo chuoni lilinila muhula mzima."

Maji ya kijiji hujikusanya usiku kwenye ndiva, bwawa la udongo lililo juu ya mashamba, na asubuhi mwenye zamu hulizibua. Zamu zimeandikwa kwenye daftari ambalo Mzee Wilbard, mwenyekiti wa kamati ya ndiva, hulibana kwapani hata akienda kanisani. Alhamisi ilikuwa ya Eliamini, mume wa Rogathe. Alipofariki, mdogo wake Sifael alikuja na uso wa huruma, akasema, "Shemeji, Alhamisi nitakushikia." Akashika kweli. Mwaka wa nne huu alikuwa bado ameshika. Tangawizi ya Rogathe ilikauka, msimu uliofuata ikatoa vidole vyembamba vya kutia huruma, na sasa ukoo ulikuwa umekwisha kusema kwamba shamba likilala tena apewe mtu wa kulilima. Mtu huyo ni nani, hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo Rogathe aliamua programu yake iwe ya zamu. Simu za watu wote zikiita kila asubuhi na kumtaja mwenye maji, kijiji kizima kitasikia Alhamisi ni ya nyumba gani, na Sifael ataona haya. Hesabu yake ilikuwa hiyo tu.

"Sasa hapa niweke jina langu?" alimuuliza Careen.

"Kwenye daftari limeandikwa lipi?"

"La marehemu."

"Basi mama, weka kama lilivyo kwenye daftari. Mashine haidanganywi."

Ndiyo maana siku ile Asteria alimkuta akihangaika. Mara ya nne Rogathe alifumba macho kama mtu anayeanza sala, akasema, "Eliamini, zamu yako." Sauti ilitoka ndogo, kama ya bibi harusi. Hakuirudia.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, simu ishirini na saba zilizowekewa programu ziliita kwa sauti hiyo, na Eliamini akaja.

Alitokea kwenye migomba, alikozikwa, amevaa suti ya kahawia aliyozikwa nayo, miguu peku, udongo magotini kama mtu aliyetoka kupalilia. Akawaamkia wakubwa aliokutana nao njiani, wakaitikia marahaba. Akalichukua jembe lake ukutani, akapanda hadi kwenye ndiva, ambako Sifael alikuwa amefika kabla yake.

"Kaka," Sifael akasema, "umedamka."

"Nimeitwa."

Akaizibua ndiva, akayafuata maji mpaka shamba la mkewe, akayagawa tuta kwa tuta bila haraka, kama zamani. Maji yalipokwisha akaja kuketi kizingitini. Ndani hakuingia. Rogathe alimletea chai ya maziwa. Hakuinywa, alikishika kikombe kwa mikono miwili mpaka kikapoa. Akauliza kama yule mbuzi mweusi alizaa. Akaambiwa alizaa pacha, mmoja akafa. Akasema pole. Jua lilipokolea akarudi migombani.

Rogathe ni mtu wa Mungu, jambo kama hilo hawezi kulinyamazia. Alikwenda kwa mchungaji. Mchungaji alifungua kitabu cha ibada, akapekua mbele na nyuma, akasema hakuna utaratibu ulioandikwa juu ya marehemu anayekuja kumwagilia, ila akifika siku ya Jumapili akae viti vya nyuma, asije akachafua vya mbele.

Zikapita Alhamisi sita. Tangawizi ilichipua, majani yakasimama kama mikuki. Asteria alikuja kuitazama, akashika kiuno. "Wangu mzima kabisa, na jembe hajaligusa tangu Krismasi. Hebu nirekodie na mimi, labda atasikia."

Careen naye alifurahi, lakini alikuwa na wazo. "Mama Victoria, kubadilisha jina ni kugusa mara moja. Toa la baba, weka Rogathe. Zamu inakuwa yako moja kwa moja."

Rogathe alikiangalia kile kipande chenye jina. Akaweka kidole juu yake, akakiondoa. Akasema kamati haijaruhusu. Na ni kweli, kamati haikuwa imeruhusu. Lakini jina la Eliamini likitoka pale, Alhamisi kizingitini angeketi nani?

Wiki ya saba Sifael alishtaki kwenye kamati. Kikao kilifanyika Jumamosi kwenye ghala la kahawa, watu wamebanana kwenye mabenchi. Mzee Wilbard alimwamuru Rogathe amwite mumewe, ingawa haikuwa siku yake. Rogathe akabonyeza, simu zikaita, na baada ya muda wa mtu kushuka kutoka migombani Eliamini akaingia, akaketi mwisho wa benchi, jembe katikati ya magoti.

"Eliamini," Mzee Wilbard alianza, "kwanza umekosa msaragambo wa kusafisha ndiva pamoja na wenzako mara kumi na nne."

"Nilikuwa siwezi, mzee."

"Tunajua. Nasema ili iandikwe."

Sifael akasimama. Alisema hana ugomvi na mtu. Alisema ndiva haijawahi kushikwa na mwanamke tangu enzi za mababu, na kwenye msaragambo wa miaka yote minne jina lililoandikwa ni lake. Kisha akageuka kwa heshima. "Na kaka yangu nampenda, lakini kaka hakai tena kijijini. Mtu asiyekaa kijijini hashiki zamu."

Watu waliguna. Hilo lilikuwa na uzito.

"Aliyesafisha ni mimi," Rogathe alisema. Alisimama akiwa ameshika ncha ya kanga. "Mara zote kumi na nne, nimezama kwenye tope mpaka magotini. Mzee Wilbard, wewe mwenyewe ulikuwa unanipa nafasi pale kwenye mlango wa ndiva. Halafu mkaandika Sifael."

Mzee Wilbard alilifungua daftari, akalamba kidole, akasoma kimyakimya. "Jembe lilikuwa la nyumba ya marehemu," akasema. "Tuliandika mwanamume wa nyumba hiyo."

Hakuna aliyeona kosa hapo. Hata Asteria alitazama chini.

"Kesi hii nyepesi," mzee akaendelea. "Mwenye jina yuko mbele yetu, jambo ambalo kesi nyingi hazina. Akitamka kwamba Alhamisi ni ya mke wake, naandika sasa hivi, na huyu mama aweke jina lake kwenye simu. Asipotamka, zamu ni ya mdogo wake, na sauti hiyo izimwe leo. Hatuwezi kumsumbua marehemu kila wiki kwa maji ya mwingine."

Nje kuku alikuwa anaparua maganda ya kahawa.

Rogathe alisubiri. Alipoona mumewe anatazama mpini wa jembe tu, akamwita kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya wazee na vijana na shemeji yake. "Eliamini."

Akainua uso.

"Tangawizi imefika hapa," Rogathe akasema, akapima kwa mkono kwenye goti. "Wewe umeiona. Sema neno moja tu."

Eliamini alimtazama mkewe, halafu akamtazama Sifael. Rogathe aliujua uso ule. Ndio aliokuwa nao siku Sifael alipouza ng'ombe wao bila kuuliza, na siku aliposogeza mpaka wa shamba hatua mbili, na Rogathe akangoja aseme neno hadi usingizi ukamchukua.

"Msinigombanishe na mdogo wangu," Eliamini akasema.

Akanyanyuka. Akapangusa kwa kiganja udongo aliouacha kwenye benchi, maana siku zote alikuwa mtu msafi. Akaweka jembe begani, akainama mlangoni, akatoka.