Jumamosi za Kugawana Namba

Ghanshyam alijua kabisa kwamba jambo lenyewe lingekwisha kabla chai haijapoa. Watu watatu, moduli tatu, namba tele. Kila mtu achukue mia yake aende zake. Lakini hii ilikuwa Jumamosi ya nne wanakutana sebuleni kwake, ghorofani Mchafukoge, na bado hawajapatana, na aliyekuwa anakwamisha mambo ni yeye mwenyewe, makusudi.

Sababu ilikuwa ya aibu, na tuiseme tu: alitaka warudi.

Nyumba ilikuwa imepooza. Mkewe, Jasvanti, alikwenda Toronto kumsaidia binti yao Khushi aliyejifungua, akaaga kwamba ni miezi mitatu tu. Mtoto akaota meno, akatembea, akapata mdogo wake, na Jasvanti bado yuko hukohuko. Kwenye simu ya Jumapili huuliza kama mlango wa nyuma unafungwa vizuri. Hajawahi kuuliza kama mumewe anapata mtu wa kuongea naye. Wiki nzima Ghanshyam huongea na muuza maziwa peke yake, naye muuza maziwa siku zote ana haraka.

Kazi yake ilikuwa kompyuta, tangu milango ya biashara ilipofunguliwa na mashine zikaanza kuingia nchini kwa makontena. Kariakoo walipoanza kuziuza kama vitenge, yeye alikwisha kuchoka kuziuza. Akajifungia chumbani akaandika moduli ya usalama, yaani programu ndogo inayokaa ndani kabisa ya mfumo endeshi, ikiangalia nani anafungua nini. Inaruhusu au inazuia, na kila mara inaandika rekodi kwenye kumbukumbu za ukaguzi. Kila rekodi huanza na namba ya aina yake. Ghanshyam alianzia 1400, na kwake 1400 maana yake ni amezuiwa.

Mrisho, fundi kompyuta wa Mtaa wa Narung'ombe, aliandika moduli yake. Waridi, mwalimu wa chuo kimoja mjini, akaandika ya kwake ya kulinda mtandao. Kila mmoja alijiona yuko peke yake duniani, na kila mmoja akaanzia 1400. Kwa Mrisho, 1400 maana yake ni ameruhusiwa. Hapakuwa na ubaya, maadamu mashine moja ilikubali moduli moja tu. Kisha likaja toleo jipya la mfumo, na moduli zote zikaweza kukaa pamoja na kuandika kwenye kumbukumbu moja, kama wapangaji wanaotumia choo kimoja. Programu inayosoma kumbukumbu hizo haijui rekodi imeandikwa na nani. Inaona namba, basi.

Ndipo Waridi alipowaandikia barua pepe: tukutane, tugawane namba. Ghanshyam aliisoma, akainuka, akaenda kufagia sebule.

Jumamosi ya kwanza alidai 1400 ni haki yake kwa sababu ndiye mkubwa kwa umri. Wenzake wakakubali, tena upesi mno, akashtuka. Papo hapo akasema namba mia hazimtoshi, anataka mia mbili. Wiki iliyofuata walipompa mia mbili akasema huo ni ubadhirifu. Wiki ya tatu alitaka kujua kwa nini wasianzie mbali kabisa, kwenye elfu tano huko, ambako hakuna msongamano. Mrisho alishika kichwa.

"Mzee, unatuzungusha wewe! Toka wiki ya kwanza tungeshamaliza."

"Mambo ya usalama hayataki pupa, kijana. Chukua kachori."

Na Mrisho alichukua. Kachori zile Ghanshyam alizipika mwenyewe, kwa maelekezo ya Jasvanti kwenye simu. Za kwanza ziliungua, lakini sasa alikuwa amezipatia. Wageni walibishana kuhusu mpira, Waridi akimtania Mrisho kwa kufungwa kwa timu yake ya Jangwani, na mwenye nyumba alicheka hata pale asipoelewa kilichochekesha. Walipoondoka hakuosha vyombo haraka. Alipenda kuona vikombe vitatu kwenye sinki.

Kwa Jumamosi ya nne alikuwa na pingamizi jipya, tena zuri kweli: je, namba iliyoachwa na mtu inaweza kupewa mwingine? Alikuwa amelipika wiki nzima. Hilo peke yake lingekula Jumamosi mbili.

"Shikamoo, mzee," alisema Waridi mlangoni.

"Marahaba, binti. Karibuni, karibuni. Chai ina tangawizi leo."

Waridi alikaa bila kugusa kikombe. "Mzee, kabla hujaanza. Kuna kaka mmoja anaitwa Pius, karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Wameweka moduli yako na ya Mrisho kwenye mashine moja."

"Wameweka vipi na sisi hatujakubaliana?"

"Watu hawatusubiri sisi, mzee. Huyu Pius alibonyeza kwa bahati mbaya faili la mkurugenzi. Moduli yako ikamzuia, kama inavyotakiwa. Ikaandika 1400. Sasa ile programu ya kusoma imeichukulia kwa maana ya Mrisho, kwamba ameruhusiwa. Wamemsimamisha kazi. Wanasema kasoma siri za ofisi. Mke wake kanifuata chuoni analia."

"Si mngewaeleza?"

"Tushawaeleza," alidakia Mrisho. "Wanataka maandishi, sahihi zetu wote watatu, namba ipi ya nani. Jumatatu wanamjadili. Akifukuzwa ndo basi tena."

Ghanshyam alitazama sahani. Moduli yake ilikuwa imefanya kazi sawasawa, ikamlinda yule mtu asiingie kwenye makosa, na sasa mtu yuleyule anaadhibiwa ili mzee mmoja wa Mchafukoge apate watu wa kunywa nao chai. Alijichukia. Na bado, kwa sekunde chache, lile pingamizi lilimkaa ulimini, tamu.

Akalimeza.

"Andika," alimwambia Waridi. "1400 mpaka 1499 ni za Mrisho. 1500 zako. Mimi nipe 1600, mia moja tu. Na uandike kwamba rekodi ya Pius, ya kabla ya mgawo huu, ni ya moduli yangu, na 1400 yake ni amezuiwa. Moduli yangu humalizia rekodi na jina la programu iliyojaribu kufungua faili, ya Mrisho haimalizii hivyo. Wakaangalie mwisho wa mstari, wataliona."

Waridi aliandika kwenye kompyuta yake ndogo. Mrisho aliweka kachori chini.

"Kumbe ilikuwa rahisi hivi?"

"Ilikuwa rahisi," alisema Ghanshyam.

Karatasi ilitoka kwenye printa, wakatia sahihi wote watatu. Chai ilikuwa bado inatoa moshi. Mrisho alitazama saa, kwani Jangwani walikuwa wanacheza jioni ile, na Waridi alitaka kuwahi kumpigia mke wa Pius. Mlangoni alimshika mzee mkono kwa mikono yake miwili.

"Ahsante sana, mzee wetu. Najua tumekuchosha, kila Jumamosi kukujazia nyumba. Sasa hatutakusumbua tena."

Ghanshyam alibaki kizingitini. Alisikia viatu vyao vikishuka ngazi, Mrisho akipiga mluzi. Alisimama pale mpaka mluzi ukapotea, halafu akakimbilia roshani, mtu wa miaka sitini na ushee, na kandambili moja ikamtoka njiani.

Chini mtaa ulikuwa umefurika. Duka la redio lilifungulia spika mpaka vioo vikatetemeka, wasukuma mikokoteni walipiga kelele wapishwe. Waridi na Mrisho walikuwa wamekwisha kuvuka barabara.

"Waridi!" aliita. "Mrisho! Njooni hata bila namba! Mimi mniambie lini mlinisumbua? Njooni tu!"

Waridi aligeuka. Alimwona mzee juu kule, mkono hewani, mdomo wazi, maneno yamemezwa na spika. Akatabasamu, akamgusa Mrisho begani, na wote wawili wakampungia mkono kwa heshima, kama mtu anavyomuaga mzee aliyetoka nje kumsindikiza. Kisha wakakata kona.