Kamusi ya Mikono Mitupu

Wateja wa saa za mwisho walimjua kwa jina la Mama Utepe, na yeye aliwajua kwa jasho lao. Kila jioni duka la zawadi likikaribia kufungwa, waliingia mbio wanaume wenye mashati yaliyochomoka, kila mmoja na siku ya kuzaliwa ya mtu aliyoikumbuka njiani akirudi nyumbani. Walinyakua kilicho karibu, seti ya bilauri au saa ya ukutani, wakamsukumia mezani. Kazi yake ilikuwa kukata karatasi, kukunja pembe zikae sawasawa, kubandika selotepu mahali pasipoonekana, kisha kuvuta utepe kwa ubavu wa mkasi mpaka ujikunje wenyewe. Akimaliza, hata bilauri za kukimbilia zilionekana kama zimefikiriwa mwezi mzima.

"Umemwokoa mwingine," keshia humwambia.

"Ndoa ngapi hapa mjini zimeshikwa na selotepu yangu," yeye hujibu bila kuinua macho.

Lakini kinyozi hajinyoi. Nyumbani kwake hakuna aliyewahi kumletea zawadi iliyofungwa, wala isiyofungwa. Msidhani aliolewa na mtu mbaya. Mumewe, fundi friji, alikuwa mcheshi, hainui mkono wala sauti, ila tarehe hazikukaa kichwani mwake. Mwaka wao wa kwanza, wakiwa bado katika chumba kimoja cha kupanga, mke alivaa gauni lake zuri siku aliyozaliwa, akaketi kitandani kumsubiri. Fundi akaingia na kisanduku chake cha spana, akaliona lile gauni, akakumbuka. Uso ukamshuka kwa aibu, akabaki amesimama mlangoni hajui aweke wapi mikono. Mke akamwonea huruma kuliko alivyojionea mwenyewe.

"Leo bwana umenimkonotupu," akamwambia.

Fundi akaangua kicheko, mke naye akacheka, mpaka jirani akagonga ukuta. Siku ikaisha salama.

Hapo ndipo mchezo ulipoanzia. Mwaka uliofuata likaja "kukeshoa", yaani kuapa kwamba zawadi italetwa kesho. Likafuata "zawahewa", ile zawadi inayosimuliwa rangi yake na ilivyokuwa inang'aa dirishani pa duka, lakini haikununuliwa. Watoto walipokua nao wakaingia mchezoni. Binti mkubwa, ambaye sasa ni nesi, alitiwa katika kamusi hii ya nyumbani kwa "kudandikadi", kuandika jina lako kwenye kadi aliyonunua mwingine. Kitinda, mtoto wa mwisho, fundi magari aliyeota ndevu na bado anadeka, ndiye bingwa wa "samahadi", samahani iliyochanganywa na ahadi. Sheria ilikuwa moja: aliyesahauliwa anatunga neno, wote wanacheka, na kesi imefungwa.

Ila aliyesahauliwa alikuwa yuleyule. Fundi alipata shati kila mwaka, watoto walipata viatu, mikoba na saa, vyote vimefungwa na mikono inayojua kazi. Yeye alipata msamiati. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hawa walisifiwa kwa vicheko mwaka baada ya mwaka.

Mwaka huu siku yake ilimkuta amechoka. Si uchovu wa siku moja. Miguu ilikuwa imevimba kwa kusimama, vidole vina mikato myembamba ya karatasi, na asubuhi hakuna aliyemsemesha neno zaidi ya "chumvi iko wapi". Mchana akaja mteja mmoja, mama wa makamo asiye na haraka, akamnunulia dada yake ushungi. Alipoulizwa achaguliwe karatasi ipi, akasema hajui.

"Wewe ungefurahi kufungiwa kwa ipi?" mteja akamuuliza Mama Utepe.

Mkasi ukasimama. Mama Utepe alizitazama karatasi zote zilizopangwa ukutani, karatasi anazozishika kila siku. Hajawahi kuulizwa, kwa hiyo hajawahi kujiuliza. Akaonyesha ya kijani, basi tu aonyeshe. Mteja alipoondoka, akajikuta anataka kitu kwa nguvu iliyomshangaza: akabidhiwe kitu chochote, hata kiberiti, bora pembe za karatasi ziwe zimekunjwa na mkono wa mtu mwingine. Akaapa moyoni kwamba jioni hii hatawaokoa. Hatatania kwanza, hatatunga. Ataingia, atanyamaza, atazame wana nini.

Alipofungua mlango wa nyumbani alikuta sebule imefagiwa na taa zote zinawaka. Binti alikuwepo, bado na sare ya kazini, na Kitinda amenawa grisi mpaka viwikoni. Fundi alikuwa amevaa shati la kola lililopigwa pasi. Wamekumbuka. Moyo wa Mama Utepe uliruka kama wa msichana, akaona haya.

"Mama, fumba macho," alisema binti. "Nyoosha mikono."

Akaweka mkoba chini, akafumba macho, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu. Alimsikia Kitinda akijibana asicheke. Hata kiberiti, alijikumbusha, nisije nikaonekana nachagua.

"Kutoshamama," Kitinda akatangaza kwa sauti ya msoma habari. "Maana yake, kumwacha mama bila zawadi kwa sababu mama hutosheka na kicheko."

Wakapiga makofi.

"Fumbua sasa," alisema Fundi, uso umejaa fahari. "Tumelikalia vikao wiki nzima, mke wangu. Safari hii tumekutungia sisi. Hatukusahau hata kidogo."

Hapo ndipo lilipomchoma. Kusahauliwa alishakuzoea, kichwa cha mtu si sanduku la chuma. Lakini hawa walikumbuka, wakakaa wakajadili, wakakubaliana kwamba asipewe kitu. Mikono yake ilikuwa bado imenyooka. Kicheko kilipanda chenyewe kwa mazoea, kikafika kooni, kikaishiwa nguvu.

"Nani aliwaambia natosheka?" aliuliza.

Wakatazamana.

"Mama, utani tu huo," alisema binti. "Si wewe mwenyewe uliyetufundisha?"

"Ni mimi, mwanangu. Nilianza ili baba yenu asione aibu, nikaendelea ili na nyinyi msiione. Miaka yote nimekuwa nikiwafutia. Nimechoka sasa. Leo ioneni."

Akateremsha mikono, akaketi, akavua viatu. Kitinda alikuwa keshasimama, anapapasa funguo za pikipiki.

"Maduka bado hayajafungwa, mama. Nakwenda na kurudi."

"Kaa. Za kukimbilia ndizo ninazozifunga kila jioni. Nazijua."

Kitinda akakaa. Binti aliinamisha kichwa akaanza kulia kimyakimya. Fundi alikuwa amebaki amesimama katikati ya sebule. Uso ulikuwa umemshuka vilevile kama jioni ile ya chumba cha kupanga, ila sasa una mikunjo, na mikono yake haikujua iende wapi.

Mama Utepe alimtazama, na huruma ikamjia, ileile. Ikaja na neno, maana ulimi wake ulishazoea kazi hiyo: neno fupi, tamu, la kuchekesha kupita yote aliyowahi kutunga. Lingewatoa pale wote mara moja. Fundi aliliona linakuja, akaanza kutabasamu kwa matumaini.

Alilimeza. Akageuza uso ukutani, akaanza kujikanda miguu mwenyewe, akawaacha na aibu yao.