Waliohudhuria kwa Niaba ya Serwaa

Serwaa Boahen, mhudumu wa ambulensi, alikuwa ndani ya gari, upande wa nyuma, mbele ya lango la hospitali, mkono mmoja umeinua dripu, mwingine umeshika kurasa za masomo. Dereva Yeboah alikuwa amekwenda kununua waakye, wali wa maharage. Kwenye machela alilala Mzee Donkor, muuza vipuri wa mtaa wa Suame. Hospitali mbili zilikwisha kuwarudisha, na hii ya tatu ilisema hakuna kitanda, wasubiri. Wakati huohuo Serwaa alitakiwa awe chuoni, kwenye kipindi cha figo.

Mgonjwa aliye taabani huzungumzishwa asije akazimia. Serwaa, ambaye tangu achanganye chuo na zamu hakuwa na habari nyingine yoyote duniani, alimsomea figo.

"Damu ikishachujwa, halafu?" aliuliza Mzee Donkor.

Serwaa alipofunua ukurasa, mzee alikuwa amekufa.

Wiki iliyofuata zamu ilimnyima tena darasa. Mzee Donkor alikwenda chuoni kusikiliza yaliyobaki. Alikaa kwenye kiti cha Serwaa kwa sababu ndicho kilichokuwa wazi, na jina la Serwaa lilipoitwa akaitika, "Nipo." Dokta Ansere, mhadhiri wa kipindi, aliweka alama. Aliyekosa vipindi hakuruhusiwa kufanya mtihani, lakini kuhusu wafu kanuni za chuo hazikusema kitu.

Wakaja na wengine waliofia langoni: muuza mikate aliyeachwa katikati ya somo la mapafu, golikipa aliyekatiziwa kwenye ini. Wanafunzi walio hai wakajifunza kuwahi viti.

"Serwaa, watu wako wananijazia ukumbi," Dokta Ansere alimwambia siku aliyobahatika kumwona. "Ila wanauliza maswali ya maana. Wewe ukija unakoroma tu."

"Dokta, mimi ni mwanafunzi hodari nikiwa sipo."

Serwaa alicheka, kisha akaona haya. Mahudhurio yake yalikuwa yanapanda, naye alijua kila mmoja wao alikotoka.

Dokta Ansere aliipeleka habari hospitalini. Walimshukuru sana. Walisema vitanda bado, wakauliza kama ukumbi una nafasi zaidi.

Kwa mahudhurio hayo Serwaa aliruhusiwa kufanya mtihani. Asubuhi ya siku ya kuamkia mtihani alikuwa langoni na Maame Pokuaa, mshonaji wa Tafo, aliyekuwa akipumua kwa shida. Mlinzi alikwenda ndani, akarudi akitikisa kichwa. Serwaa alizikalia kurasa zake zisionekane, akaanza kueleza bei ya nyanya, habari ambayo hakuijua hata kidogo.

"Cedi mbili kopo zima?" Maame Pokuaa alisema. "Mwanangu, soko gani hilo? Achana na nyanya. Mpwa wangu, yule golikipa, ameniambia yote. Kipindi kinaanza saa ngapi?"

"Saa nne, mama," Serwaa alisema, akamshika mkono. "Lakini chelewa. Nakuomba uchelewe."