Kura ya Sufu Kavu

Redio ilisema upepo wa kusini-magharibi ungefika wilayani jioni. Nerida Haslam akaandika kwenye ubao ulio nje ya duka la kijiji cha Bulgarra: "Bondeni kwetu, saa tisa alasiri. Mvua ya barafu. Msinyoe kondoo." Akapangusa chaki mikononi, akaingia garini.

Kwa miaka ishirini na sita ubao ule ulikuwa wa mumewe, Alwyn. Yeye ndiye aliyegundua kwamba upepo ule hupenya kwenye pengo la mlima na kulifikia bonde mapema kuliko kwingine. Alizikwa Aprili. Tangu hapo Nerida aliandika mwenyewe, kwa daftari la marehemu na kipimahewa cha jikoni. Wiki mbili nyuma aliandika "dhoruba"; watu wakawafungia kondoo wao siku mbili bila malisho, na jua likawaka kama la Desemba. Mtu akaongeza kwa chaki chini ya maneno yake: "Njooni na miwani ya jua."

Asubuhi hiyo ya Agosti, katikati ya majira ya baridi, sindano ya kipimahewa ilikuwa imeshuka usiku kucha, dalili ya dhoruba, na upepo ulikuwa na joto la kudanganya. Bandani kwa shemeji yake, Murray, kondoo jike mia nne walikuwa wakisubiri kunyolewa, wote wakikaribia kuzaa. Walikuwa mali ya Murray na kaka yake Alwyn. Sasa nusu ni ya Nerida. Alwyn mwenyewe ndiye aliyewaingizia madume, Machi, akiwa tayari anatembea kwa mkongojo.

"Ahirisha mpaka Ijumaa, Murray," alisema.

"Wanyoaji hawa wakiondoka leo, nitawaona tena Oktoba. Kondoo wazae na sufu zao, watoto wakose pa kunyonya?"

"Wazae wakiwa hai kwanza. Kondoo aliyenyolewa asubuhi akipigwa na barafu jioni, unajua mwisho wake."

"Shemeji," Murray akapaza sauti ili wanyoaji wanne wasikie, "juzi ulitufungishia mifugo kwa dhoruba ya ndotoni. Leo umeota nini?"

Wanyoaji wakacheka. Nerida akamgeukia msemaji wao, Tamati, Mmaori mwenye mabega ya fahali. "Pigeni kura," akamwambia.

Desturi yao ni hiyo, kwa kuwa sufu iliyolowa huwaumiza wanyoaji: wakiwa na shaka, kila mnyoaji hunyoa kondoo wawili, kisha huandika kwenye karatasi kama sufu imelowa au ni kavu. Wengi wakisema imelowa, kazi husimama, na hakuna bosi wa kubisha.

"Tutapiga, mama," Tamati alijibu. "Lakini nikwambie ukweli? Sisi hupigia kura sufu. Mawingu hatuyapigii kura."

Wakanyoa wawili wawili, wakatupa karatasi kwenye kofia ya Tamati. Akazisoma moja moja. "Kavu. Kavu. Kavu. Na hii pia kavu. Pole, mama. Mbingu imeshindwa uchaguzi."

Mashine zikanguruma. Kufikia saa tatu na nusu, kondoo mia moja na ishirini walikuwa wamenyolewa na kupelekwa malisho ya juu, weupe kama viazi vilivyomenywa. Wanyoaji wakakaa kunywa chai. Hapo ndipo manyunyu yalipoanza, mepesi, ya kupita tu. Waliobaki walikuwa wamejibanza chini ya sakafu ya banda, lililojengwa juu ya nguzo, hata tone haliwafikii.

Nerida alisimama akiyatazama manyunyu. Yangekoma kabla ya chai kuisha. Akazunguka nyuma ya banda, akafungua lango la chini, akampigia mluzi Skeeter, mbwa wa Alwyn. Mbwa hakuuliza. Akawatoa wote nje, mpaka wa mwisho, wakasimama kwenye mvua wakilalama.

Murray alitoka kikombe mkononi. "Umefanya nini?"

"Nimewalowesha."

"Una wazimu, mwanamke wewe!"

"Waite wapige kura."

Tamati akaja, akazamisha vidole kwenye mgongo wa kondoo mmoja, wa pili, wa tano, akajifuta kwenye suruali. Safari hii karatasi zote nne zilisema imelowa.

"Kawatoa makusudi!" Murray alifoka. "Mmemwona!"

"Kanuni haiulizi nani kawalowesha, bosi." Tamati alikuwa ameshaanza kufungua mashine yake. "Tuonane Oktoba."

Gari lao lilipopotea njiani, Murray alimsogelea shemeji yake mpaka pumzi yake ikamgusa. "Kaka yangu angeona aibu."

"Kaka yako angefungua lango hilo alfajiri."

"Usimtaje! Yeye alijua hali ya hewa. Wewe umerithi daftari tu."

Nerida akaondoka. Alikaa garini, madirisha yamefungwa, akiitazama saa. Saa nane na nusu upepo ukafa. Saa tisa kasorobo ukageuka, ukaja kupitia pengoni ukiwa na barafu mdomoni.

Yeye na Murray walikimbilia malisho ya juu pamoja. Wale walionyolewa walikuwa wamejazana kwenye kona ya uzio, wakitetemeka hata waya ukalia. Waliwasukuma na kuwabeba, Skeeter akiwauma visigino, wakawaingiza chini ya banda lililokuwa tupu. Wenye sufu walibaki nje, wakaupa upepo migongo na kuendelea kutafuna. Kumi na mmoja hawakuinuka tena pale konani.

Nerida alipiga magoti akashika tumbo la mmoja wao. Ndani kulikuwa bado na kitu kinachopiga teke. Kisha kikaacha.

"Hao kumi na mmoja uwahesabu kwenye nusu yako," Murray alisema juu ya kichwa chake.

"Nahesabu."

"Na bandani kwangu usikanyage tena."

Nerida akainuka, magoti yamelowa. "Wape nyasi kavu usiku huu. Upepo hautatulia kabla ya Alhamisi."

"Nani kakuuliza?" Murray alisema, akashuka upesi kuelekea kwenye ghala la nyasi.