Mshipa Uliomshikia Zamu Mama Pyo

Pyo Mal-suk aliuza soksi ghorofa ya tatu ya duka kubwa mjini Daegu kwa miaka kumi na tisa, akiwa wima. Nyuma ya meza yake palikuwa na kiti kilichowekwa kwa amri ya sheria, bado kimo ndani ya nailoni. Mkaguzi akija alikiona, akatia tiki, akaenda zake. Kukikalia? Thubutu! Wateja wangesema nini?

Mishipa ya mguu wake wa kushoto ikavimba, ikajisokota hadi juu ya goti. Daktari akampiga ganzi kiunoni, akachanja kinenani na kifundoni, akauvuta mshipa mkubwa wote kwa waya. Alipouweka kwenye bakuli, haukulala. Ulisimama wima, ukainama kumsalimu, ukasimama tena.

"Unauza dukani, mama?" daktari aliuliza, akishona.

"Ndiyo. Soksi."

"Nilijua. Mishipa ya walimu haiinami hivi."

Alipewa wiki mbili za kulala, mguu juu ya mito. Hakulala kwa raha. Alijua nafasi yake inaweza kupewa mtu, na kwa umri wake wa miaka hamsini na sita nani angemwajiri tena? Mshipa, uliomfuata hadi nyumbani, ndio uliomtuliza. Asubuhi ya kwanza ulipanda treni kwenda kazini. Jioni ulirudi, ukasimama karibu na mlango. Aliuwekea supu ya mwani, haukuigusa. Masikini, alifurahi kweli, kama aliyepata mtoto wa kumshikia zamu.

Siku ya kumi na tano alirudi mwenyewe, kavaa soksi za kubana alizopewa hospitali. Mshipa ulikuwa mezani kwake, ukimwinamia mteja. Gye-hwa, muuza leso wa meza ya pili, alimvuta kando.

"Dada, mshipa wako una kiherehere! Hauendi hata chooni. Sasa sisi tunaambiwa tuuige."

Meneja Tak, mtoto wa juzi tu, alimpokea vizuri.

"Mama Pyo, pole na mguu. Soksi zimeshapata mtu, kama unavyoona."

"Lakini ule ni mimi, Meneja."

"Ndiyo maana mkataba hatukuubadilisha jina." Akautazama mguu wa kulia wa Mal-suk, kwa upole kabisa. "Na mshipa wa huo utatolewa lini? Kwenye meza ya viatu hatuna mtu."

Mal-suk alitaka kulia, ila wateja walikuwa karibu. Aliinama, akasema ataulizia hospitali.